Sanduku la Akili na Siri ya Halwa

Hapo zamani za kale, zamani za wanyama na wala si zamani za babu yako, palikuwa na mji uitwao Kidindimo. Kaeni vizuri. Wewe mwenye ubuyu mdomoni, tafuna au tema, usinivurugie. Hadithi hii ni ya wakubwa wajinga, na mkubwa akiwa mjinga huwa mjinga kwa upana wake wote, kwa hiyo tunahitaji nafasi.

Katika mji huo wanyama waliishi kama watu. Walijenga, walioa, waliazimana sukari na kusutana mchana kweupe. Tembo alikuwa na shinikizo la kukamulia mafuta ya ufuta. Nyati alikuwa mhunzi, akifua majembe na visu. Na Kiboko, ambaye ndiye wetu leo, alipika halwa.

Halwa gani hiyo! Jumbe Simba mwenyewe hakuthubutu kuozesha mtoto bila halwa ya Kiboko. Ilipikwa kwenye sufuria ya shaba aliyoirithi, ikasongwa kwa mwiko mrefu tangu asubuhi, bwata, bwata, bwata, mpaka mikono imkatike. Wapishi wengine wa mji walikuwa na sukari ileile, wanga uleule na iliki ileile, lakini halwa yao ilifaa kubandikia matangazo.

Kiboko alikuwa na siri. Bibi yake alimnong'oneza siku ya kufa kwake, akamwambia, "Mjukuu wangu, hili usimpe mtu." Na kweli hakumpa mtu. Hata mkewe, Mama Siti, hakuijua. Kila ilipokaribia saa ya kuipua sufuria, Kiboko alimwambia, "Mama Siti, hebu katazame kama mvua inakuja." Mama Siti akatoka, akaangalia mbingu nyeupe ya kiangazi, akarudi kusema hakuna mvua. Ndoa yao nzima ilikwenda hivyo.

Siri hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote. Mwondoleeni siri hiyo, na Kiboko ni tumbo tu lenye miguu minne.

Sasa jueni desturi za Kidindimo. Sokoni, mtu hakununua asichokionja. Chungu kiligongwa, ngo! ngo! Kitambaa kilivutwa huku na huku. Samli ililambwa, pilipili ilitafunwa mpaka machozi yatoke. Muuzaji aliyekataa bidhaa yake ionjwe alizomewa mpaka mtoni.

Lakini barazani mambo yalikuwa mengine. Baada ya alasiri wanyama walikusanyika kwa Tembo, wakanywa kahawa, na mtu akianza hadithi, hadithi haikatizwi. Huulizi. Unaitikia "Enhe!" mpaka mwisho. Anayeuliza kama hadithi ni ya kweli huambiwa hana malezi, na hutolewa barazani mbele ya wote.

Ni desturi nzuri, sizisemi vibaya. Ila kuna viumbe wakipewa vitu viwili hawajui kipi cha kula na kipi cha kuvaa.

Siku moja akaja Nguchiro. Mnamjua Nguchiro, kibwana kidogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Alikuja sokoni akisukuma kigari, na juu ya kigari sanduku la mbao lenye matundu matundu.

"Akili! Akili!" alinadi. "Nauza akili ya kuundwa! Haikuzaliwa, haizeeki, haisinzii! Unaiuliza, inakujibu!"

Tembo akasogea. "Tuionje," alisema, akaligonga sanduku kwa mkonga. Ngo! Ngo!

Ndani kukasikika, "Wii!"

"Mbona akili inalia?"

"Imeshtuka, mzee wangu."

"Haya, fungua tuitazame."

"Akili haifunguliwi, mzee. Itaruka."

"Hapa hatununui tusichokionja! Wenzangu, huyo!"

"Huyoo! Huyoo!" Soko zima likamzomea, kigari kikakimbizwa mbio, kigurudumu kimoja kikachomoka. Kiboko alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda chake. "Akili ndani ya sanduku!" alisema. "Kwani akili ni dagaa?" Bi Kanga, jirani yake aliyekaanga vitumbua, naye alicheka mpaka kitumbua kikaungua.

Nguchiro akakaa ukingoni mwa mto, akajikung'uta vumbi. Mwingine angehama. Yeye alifikiri. Hawa, alijiambia, wanapima kila kitu kinachoingia mjini kwao isipokuwa kimoja, na hicho hakihitaji hata kigari.

Keshoye alirudi mikono mitupu, amevua kofia, akaketi pembeni kabisa ya baraza la Tembo kwa adabu. Akapewa kahawa. Akainywa. Akashusha pumzi.

"Wazee wangu," alisema, "sikuja kuuza. Biashara imenishinda. Nimebaki na hadithi tu."

"Enhe!" wakaitikia wote pamoja.

"Hapo ng'ambo ya mto palikuwa na mfinyanzi mkubwa, jina lake Nyumbu. Vyungu vyake vilisifiwa nchi nzima."

"Enhe!"

"Siku moja akapita mgeni na Sanduku la Akili. Nyumbu akacheka. Akasema, babu yangu alifinyanga kwa mikono, na mimi nitafinyanga kwa mikono. Jirani yake alikuwa Ngiri, mfinyanzi hovyo, chungu chake kinavuja hata ukitia ugali. Ngiri akalikaribisha sanduku nyumbani."

"Enhe!"

"Wazee, mwaka haukuisha. Ngiri amejenga ghorofa. Na Nyumbu..." Hapo Nguchiro akashusha sauti, akafuta jicho lisilo na chozi. "Nyumbu nimemwacha sokoni anauza kigoda alichokuwa akikalia. Alinishika mkono akasema, mwanangu, waambie wenye kazi za jadi wasifanye nilivyofanya mimi."

Kiboko alikuwa amekalia kigoda chake mwenyewe, na ghafla akakishika kwa mikono miwili.

"Samahani," ilisikika sauti nyembamba. Alikuwa Bi Kanga. "Huyo Nyumbu anakaa mtaa gani? Mimi nina shangazi yangu ng'ambo, na vyungu vyote ananinunulia yeye. Sijapata kumsikia Nyumbu mfinyanzi."

"Aaah! Bi Kanga!" Baraza zima lilishika vichwa. "Hadithi haikatizwi!"

Na nani aliyepaza sauti kuliko wote? Kiboko wetu. "Mtoeni huyo! Hana malezi! Mtu analia, yeye anauliza mtaa!"

Bi Kanga akasimamishwa, akatolewa, manyoya yamemsimama kwa aibu. "Haya," alisema kutoka barabarani, "bakini na Nyumbu wenu."

Na mnione mimi nisivyoelewa mpaka leo. Sanduku lilikuwa lilelile walilolizomea jana yake. Matundu yaleyale, Nguchiro yuleyule. Kilichoongezeka ni Nyumbu, na Nyumbu mwenyewe hayupo.

Kabla umande haujakauka, Tembo, Nyati na Kiboko walikuwa mlangoni kwa Nguchiro, wanasukumana.

"Tuuzie!"

"Haliuzwi," alisema Nguchiro, akipiga mswaki polepole.

"Eti?"

"Lilipouzwa mlilizomea. Sasa haliuzwi, linakaribishwa. Ni mgeni, wazee. Linalala kwako, linasikiliza, linajifunza kazi yako. Usipolilisha habari za kazi yako, litakujibu nini?"

"Kwa hiyo linakula habari?" aliuliza Nyati.

"Habari. Na samaki wa kupaka."

"Samaki?"

"Akili isiyokula, mzee, wewe umeiona wapi?"

Nyati akamtazama Tembo, Tembo akamtazama Nyati. "Kweli," alisema Tembo. "Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nikiwa na njaa sifikiri." Kama vile akishiba hufikiri!

Sanduku likaanzia kwa Tembo, kisha kwa Nyati. Wote wawili walitoka wamebadilika. Ukiwauliza sanduku limewasaidia nini, hawakusema limesaidia nini. Walikutolea hadithi, kila mmoja ya kwake, na kila jioni ilirefuka. Nani angekubali kusimama barazani aseme mimi nimekaa nalo wiki nzima sikuona kitu? Kiboko alisikiliza, akaona anachelewa. Usingizi ulimpaa.

Zamu yake ilipofika, aliliweka sanduku mahali pa heshima, jikoni, kando ya mitungi ya samli.

Mama Siti akaziba pua. "Baba Siti, kitu hiki kinanuka!"

"Ni jasho, mama," alidakia Nguchiro aliyelileta. "Akili ikifikiri sana hutoa jasho. Likinuka zaidi, ujue linafikiri zaidi."

Kiboko akavuta pumzi ndefu, kwa heshima zote, macho yakamtoka machozi. "Mashallah," alisema. "Linafikiri hasa."

Nyinyi mnataka kujua ndani mlikuwa na nini. Mlikuwa na Bi Fungo. Ndiyo, fungo, mnyama ambaye ukimficha pipani mtaa wa pili wanajua kwa harufu. Alikuwa mama mkwe wa Nguchiro, na Mungu alimjalia kumbukumbu ya kutisha. Neno ulilomwambia mwaka wa nzige angekurudishia leo na kikohozi ulichokohoa katikati. Nguchiro alikuwa ameteswa na kumbukumbu hiyo tangu siku ya harusi yake. Akaona afadhali sasa imletee riziki.

Basi Kiboko akakaa mbele ya sanduku, akakohoa.

"Ewe Sanduku, mimi ni Kiboko, mpika halwa. Kwetu wanga hulowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, yakatiwa mapya."

"Mmmh," lilisema sanduku.

"Sukari isitiwe mpaka moto utulie."

"Mmmh."

Samaki akapitishwa kwenye kidirisha cha ubavuni mwa sanduku. Ndani kukasikika kru, kru, kru, kisha mwiba ukatemwa, ptu!

Keshoye Kiboko aliwaalika wenzake waje washuhudie. Walijaa jikoni, kila mmoja ameziba pua kwa hila akijifanya anajikuna.

"Ewe Sanduku," aliuliza Kiboko, "sukari hutiwa lini?"

Sauti ya puani ikajibu, "Sukari isitiwe mpaka moto utulie."

Kiboko aliruka. Alipotua, puu! sahani tatu zikaanguka. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Limejuaje?"

"Ajabu ya Mungu!" alisema Tembo.

"Baba Siti," alisema mkewe taratibu, "si wewe uliyeliambia jana?"

"Nyamaza, mama! Unataka tuwe Nyumbu?"

Neno hilo likawa fimbo mjini. Mtoto akiogopa kuoga maji baridi, usiwe Nyumbu. Mke akiuliza samaki wamekwenda wapi, usiwe Nyumbu. Walimwogopa Nyumbu kuliko walivyomwogopa mamba, na mamba angalau yupo.

Siku zikaenda, na wateja wakaanza kupungua. Samli haikatai harufu, wanangu, ya kila kilicho karibu inainyonya. Waliokuja kununua walionja kama desturi, wakatema. "Kiboko, siku hizi unapikia zizini?" Wengine walipita mbali, wamejifunika mitandio.

Mnyama mwenye akili yake angeliondoa sanduku. Kiboko aliliomba ushauri.

"Ewe Sanduku," alisema kwa unyonge, "wateja wananikimbia. Nifanye nini?"

Hilo Bi Fungo hakuwa ameambiwa. Alijikuna, akafikiri, mwishowe akatoa alichokuwa nacho. "Sukari isitiwe mpaka moto utulie."

Kiboko akatikisa kichwa. "Maneno mazito," alisema.

Mara likapigwa baragumu. Jumbe Simba anaozesha binti yake, na safari hii wapishi wote walete halwa uani kwake, zionjwe. Atakayeshinda atapewa harusi, na kibanda cha langoni mwa soko ndicho chake. Kibanda hicho alikuwa nacho Kiboko, na kabla yake bibi yake. Alijua halwa yake si ile tena, na hakujua kwa nini, au alijua akaogopa kujua.

Nguchiro akaingia, kofia mkononi.

"Sheikh wangu, kuna jambo umelificha sanduku."

Kiboko akashtuka. "Limekwambia?"

"Halijasema. Lakini tazama, leo halinuki sana. Halina la kufikiri." Akaketi. "Ngoja nikupe kisa kidogo."

"Enhe," ulijibu mdomo wa Kiboko kabla ya kichwa chake.

"Alikuwapo fundi cherehani mmoja, Kifaru. Alilifundisha sanduku kushona kanzu yote, isipokuwa shingo. Shingo akaificha, akasema hii ni siri ya ukoo. Siku ya siku mfalme akaagiza kanzu. Sanduku likamwelekeza Kifaru neno kwa neno, na kanzu ikatoka safi, imenyooka, haina shingo. Mfalme akaingiza kichwa, kikakwama. Akavuta, kikakwama! Wageni wote wanatazama."

"Ole wake!" alisema Kiboko, akishika shingo yake.

"Kifaru alifukuzwa mji na kanzu yake mkononi. Mimi sisemi kitu, sheikh. Ni hadithi tu." Na akaondoka.

Kiboko alibaki peke yake na sanduku. Alitembea huku, akatembea kule, sakafu ikilia. Alimkumbuka bibi yake pale kitandani, mkono wake mkavu umemshika sikio. Hili usimpe mtu. Alitaka kulia. Nafsi ilimwambia wacha, Kiboko, wacha kabisa. Kisha akapata hoja, na mjinga akipata hoja mkimbieni.

"Sanduku si mtu," alisema.

Akaita, "Mama Siti! Hebu katazame kama mvua inakuja."

Mkewe alipotoka, aliinama, akaweka mdomo kwenye tundu. "Samli ya mwisho haitiwi motoni," alinong'ona. "Unaipua sufuria kwanza. Unaiacha itulie mpaka isichemke hata tone moja. Ndipo unatia samli iliyopoa, kidogo kidogo, huku unasonga kwa kurudi nyuma. Wote wanaitia juu ya moto. Ndiyo maana yao inakuwa gundi." Akameza mate. "Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," lilijibu sanduku.

Kiboko machozi yalimtiririka kwa furaha. "Limeniita mwanangu!"

Asubuhi sanduku halikuwapo. Nguchiro alituma salamu kwamba limeshiba, limekwenda kupumzika. Kiboko akaona sawa. Akaosha sufuria, akapika peke yake, akaitia samli ya mitungi ileile iliyokaa na sanduku mwezi mzima.

Siku ya kuonja, ua wa Jumbe Simba ulijaa. Kiboko alitangulia, amevaa kanzu nyeupe, sinia kichwani. Simba alichukua kipande, akakipeleka mdomoni, kikaishia puani.

"Kiboko! Hii nini?"

"Hiyo ni harufu ya akili, Jumbe."

Ua mzima uliangua kicheko. Kwa kwa kwa! Hata Tembo alicheka, na yeye kwake bado wanafungua madirisha.

Kisha akaja Nguchiro na sinia dogo. Halwa iling'aa, samli imeikalia juu kama ilivyokalia halwa ya nyumba moja tu katika nchi ile. Simba alionja. Akafumba macho. Akalamba kidole, kisha cha pili.

"Hii!" alinguruma. "Hii ndiyo niliyoolea mimi! Nani amekufundisha?"

Nyuma ya Nguchiro alikuwa amesimama mama mmoja mnene, kanga kichwani, na upepo ukavuma kutoka upande wake. Kiboko akanusa. Akanusa tena.

"Jasho la akili!" alipiga kelele. "Jumbe, mwizi huyo! Ameiba siri yangu! Alikuwa ndani ya sanduku!"

"Tulia," alisema Simba. "Alivunja mlango wako?"

"Hapana, Jumbe. Nilimkaribisha."

"Alikulazimisha useme?"

"Hapana."

"Basi siri aliitoa nani?"

Kiboko akainamisha kichwa. "Mimi. Nililiambia sanduku."

"Mimi sikumwuliza hata swali moja," alisema Bi Fungo, akijitengeneza kanga. "Nilikaribishwa, nikalishwa, nikaambiwa. Nimeiba nini hapo? Na samaki wake hawakuwa na chumvi."

"Lakini Nguchiro ametudanganya!" Sauti ya Kiboko ilikuwa imepasuka. "Hakuna Nyumbu! Hakuna Kifaru wala kanzu!"

Nguchiro akavua kofia. "Jumbe, mimi nilisimulia hadithi barazani, wazee wakaitikia enhe. Tangu lini Kidindimo hadithi ikaulizwa ukweli wake? Mmoja aliuliza. Walimtoa."

Macho yote yakamgeukia Bi Kanga. Kiboko naye akamgeukia, mikono ameikutanisha. "Bi Kanga, jirani yangu, nisaidie. Waambie ulichouliza siku ile."

"Mimi?" alisema Bi Kanga. "Mimi sina malezi, Bwana Kiboko. Siwezi kusema mbele za watu."

Simba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nguchiro," alisema, "wewe ni mwongo, na siku ukinisimulia hadithi mimi nitakula wewe kwanza, kisha hadithi. Lakini halwa imeonjwa na halwa si ya uongo. Harusi ni yako, na kibanda ni chako." Akageuka. "Kiboko, nenda nyumbani ukaoshe jiko."

Wiki ileile nguchiro mwingine, binamu yake, alifungua duka la mafuta ya ufuta, na wa tatu akaanza kufua majembe. Tembo na Nyati walikunywa kahawa yao barazani. Hakuna aliyetaka kuanza hadithi.

Njiani kurudi nyumbani Mama Siti alitembea mbele, hageuki. Alipofika mlangoni alisema neno moja tu. "Mimi mkeo hukuniona mtu wa kuambiwa. Ukaliambia sanduku."

Kiboko aliosha jiko. Aliosha mitungi kwa majivu, kwa ndimu, kwa udongo wa mtoni, harufu ikatoka, wateja hawakurudi. Kwa nini warudi? Halwa ileile ilikuwa langoni mwa soko, haina kisa.

Kisha siku ya Idi wakaja wageni, wakwe, watu wa heshima, na nyumbani hamna kitamu hata kidogo. Mama Siti akampa sahani. "Nenda," alisema.

Kiboko akasimama kwenye foleni, yeye na tumbo lake, watoto wanamcheka nyuma yake. Alipofika mbele, Nguchiro alimkatia kipande cha kuonja, kama anavyomkatia kila mtu. Kiboko alikitia mdomoni, na palepale akaacha kutafuna. Ilikuwa ya bibi yake. Ilikuwa yenyewe kabisa, haikupungua kitu, alivyoila utotoni amekaa chini ya meza. Machozi yakamshuka mbele ya mji mzima, akashindwa hata kuyafuta.

"Vipi, mzee," aliuliza Nguchiro, "tamu?"

"Tamu," alisema Kiboko.

"Basi sogea, wenzako wanangoja."

Akasogea, sahani mkononi. Na mimi nimesogea, hadithi nawaachia nyinyi, ila neno lake ndilo hili: mwenye kumeza kisa bila kukitafuna, siku moja atapanga foleni kununua kilichokuwa chake.